Mzee wa Suti Nyeupe

Simama siku moja mbele ya duka la KFC, liwe la Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, uutazame kwa utulivu ule uso wa mzee ulio juu ya mlango. Kilichomo ni kidogo kuliko unavyodhani: nywele, miwani, masharubu, ndevu za kidevuni, tabasamu na tai nyembamba nyeusi. Mikunjo ya uzee, ambayo mwenyewe alikuwa nayo tele, imebaki mistari ya kuhesabika. Hata hivyo mtoto asiyejua kusoma humtambua kutoka ng'ambo ya barabara. Mpe mtu mzima kalamu na karatasi amchore kwa kumbukumbu. Atamchora vibaya, na bado utajua ni nani.

Biashara za chakula cha haraka zina vikaragosi vingi vya matangazo, na karibu vyote vimebuniwa. Huyu hakubuniwa mezani na wachoraji. Harland Sanders alizaliwa, akafanya kazi za kila namna, akagombana na watu, akaburutwa mahakamani, akafa. Alichofanya kabla ya kufa ndicho kinachostahili kutazamwa kwa makini: alijigeuza picha akiwa hai. Waliokuja baada yake wameendelea kuichonga picha hiyo kwa zaidi ya miaka 60, na kila kizazi cha mafundi kimelazimika kujibu swali lile lile: kipi kinaweza kuondolewa, na kipi kikiguswa tu mzee anatoweka?

Sanders alizaliwa tarehe 9 Septemba 1890 karibu na Henryville, katika jimbo la Indiana, Marekani. Baba yake alifariki mapema, mama akalazimika kutafuta kibarua, na mtoto huyo akajikuta jikoni akiwapikia wadogo zake. Ujana wake ulikuwa wa kuhangaika. Alidanganya umri akaingia jeshini mwaka 1906, akapelekwa Cuba kuhudumia baghala, na mwaka uliofuata akarudi uraiani. Alichochea makaa kwenye injini za treni, akauza bima, akaendesha biashara ya kivuko. Mwaka 1930 akatua Corbin, mji mdogo wa Kentucky kandokando ya barabara kuu, akaendesha kituo cha mafuta. Wasafiri walikuwa na njaa, naye alikuwa anajua kupika. Akawa anawalisha kwenye meza yake mwenyewe, ndani ya makazi yake. Kuku wa kukaanga wakajulikana kuliko petroli.

Cheo cha kanali kilikuja mwaka 1935. Gavana Ruby Laffoon alimtunuku kwa heshima, kwa kuwa Kentucky ina desturi ya kuwapa watu wake mashuhuri cheo hicho bila jeshi wala bunduki. Kwa miaka mingi Sanders hakukifanyia lolote la maana. Mwaka 1950 alitunukiwa tena, na Gavana Lawrence Wetherby, na hapo ndipo alipoanza kukivaa. Akafuga masharubu na ndevu za kidevuni. Akafunga tai ya uzi mweusi, kama walivyofunga mabwana wa zamani wa Kusini mwa Marekani. Koti lake la kwanza lilikuwa jeusi, refu. Baadaye akavaa suti nyeupe, akabaki humo. Kwa miaka kama 20 ya mwisho wa maisha yake hakuonekana hadharani na vazi jingine: suti nzito ya sufu wakati wa baridi, ya pamba nyepesi wakati wa joto. Nywele zake zilikuwa zimeshakuwa nyeupe lakini ndevu zilichelewa, kwa hiyo akawa anazipausha kwa dawa ili zilingane.

Tendo hilo la kupausha ndevu laonekana dogo, lakini linaonyesha kwamba mzee huyu alikuwa anajitazama kwa jicho la mchoraji. Ndevu za rangi mbili huukata uso vipande, ilhali nyeupe mfululizo kutoka utosini hadi kidevuni hufanya kichwa kizima kuwa umbo moja. Ukiweka umbo hilo jeupe juu ya suti nyeupe, mstari mweusi wa tai na fremu nyeusi za miwani ndivyo vinavyobaki kushika macho. Wakati ule magazeti yalichapishwa kwa wino mweusi na televisheni nyingi hazikuwa na rangi. Mtu aliyevaa kahawia au kijivu alimezwa na mandhari. Sanders alitokeza hata kwenye picha mbovu kabisa. Na kwa mpishi, suti nyeupe ilikuwa na faida nyingine ya jikoni: vumbi la unga halionekani juu yake.

Mwaka 1952 Sanders alimpa rafiki yake Pete Harman, mwenye mgahawa huko Salt Lake City katika jimbo la Utah, haki ya kupika kuku kwa mapishi yake, kwa malipo ya senti chache kwa kila kuku. Harman alihitaji jina la kuweka kwenye bango. Mchora mabango wake, Don Anderson, ndiye aliyependekeza maneno Kentucky Fried Chicken. Hapo ufundi wa kumtengeneza Kanali ukaacha kuwa wa mtu mmoja. Utah iko mbali sana na Kentucky, na jina la jimbo la mbali lilibeba sifa ya ukarimu wa Kusini na mapishi ya nyumbani. Lilihitaji sura ya kulithibitisha, na sura ilikuwepo tayari, imeshavaa. Mwaka 1957 Harman akaleta ndoo ya karatasi ngumu ya kubebea kuku wa familia nzima. Uso wa Kanali ukapata mahali pa kukaa, ukaingia majumbani na kuwekwa katikati ya meza ya chakula.

Mkono mwingine ulikuwa wa Dave Thomas, kijana aliyetumwa Columbus, Ohio, kuokoa maduka ya kuku yaliyokuwa yanazama. Thomas ndiye anayetajwa kubuni bango la ndoo kubwa yenye mistari myeupe na myekundu, inayozunguka juu ya nguzo, na ndiye aliyemhimiza Sanders ajitokeze mwenyewe kwenye matangazo ya televisheni. Ndoo inayozunguka ilikuwa jibu la tatizo la kweli: Wamarekani walikuwa wanapita kwa magari, na dereva ana sekunde chache tu za kuamua kama atakata kona. Kitu kinachosogea humfikia kabla hajasoma neno lolote. Somo hilo Thomas aliondoka nalo. Mwaka 1969 alifungua mgahawa wake mwenyewe, akauita Wendy's kwa jina la utani la binti yake, na kwenye nembo akaweka uso wa msichana mwenye nywele nyekundu zilizosukwa.

Kabla ya Thomas kutokea, huko Corbin mambo yalikuwa yameharibika. Barabara mpya ya kasi ilipangwa kupita mbali na mgahawa wake, wateja wakatoweka, na mwaka 1956 Sanders akauza mali yake kwa mnada kwa dola 75,000. Akiwa na umri wa miaka 60 na kitu, akitegemea pensheni ndogo ya uzeeni, alipakia sufuria ya presha na viungo kwenye gari akaenda kubisha hodi mgahawa hadi mgahawa, akipika kuku mbele ya wenye mali ili wakubali mkataba. Mkewe Claudia alibaki nyumbani akichanganya viungo na kuvituma. Katika safari hizo suti ilikuwa kitendea kazi kama ile sufuria. Mwenye mgahawa aliyemkataa Jumatatu alimkumbuka Ijumaa, maana hakuwa amemwona mtu mwingine wa namna hiyo wiki nzima.

Kufikia mwaka 1964 maduka yalikuwa yamepita 600, na Sanders akauza kampuni kwa John Y. Brown na Jack Massey kwa dola milioni 2. Lakini wanunuzi walijua kwamba mapishi bila mzee ni nusu ya bidhaa, kwa hiyo mkataba ukamwekea mshahara wa maisha ili aendelee kuwa balozi. Kuanzia siku hiyo Harland Sanders alikuwa mwajiriwa wa kazi ya kuwa Kanali Sanders.

Ukitaka kuona ugumu wa mpango huo, mlinganishe na Ronald McDonald. Huyo alizaliwa Washington mwaka 1963, mtangazaji Willard Scott alipojitokeza kwenye televisheni kama mchekeshaji wa sarakasi, pua yake ikiwa kikombe cha karatasi na kofia yake ikiwa trei ya chakula. Ubunifu ulikuwa wa kupendeza, tena wa bei nafuu, kwani mavazi yalitoka dukani kwenyewe. Baadaye kampuni ilimweka Scott kando, ikampa vazi hilo mtu mwingine, kisha mwingine. Mtoto anayemwangalia Ronald hajui ni nani aliye nyuma ya rangi, na hahitaji kujua.

Sanders hakuwa na rangi ya kujificha nyuma yake. Alikuwa na mdomo, na mdomo huo ulikuwa mkali. Kampuni ilipoingia mikononi mwa Heublein mwaka 1971, alilalamika hadharani kwamba chakula kimeharibiwa. Katika mahojiano na gazeti la Louisville aliuponda mchuzi mzito uliokuwa ukiuzwa madukani, akaufananisha na gundi ya kubandikia karatasi za ukutani. Mwenye duka mmoja alimshtaki kwa kashfa, na kesi ikatupwa. Hebu fikiri: nembo ya kampuni inaingia jikoni, inaonja mchuzi, inatukana! Wakubwa walikereka, lakini nadhani ukali huo ulimpa Kanali kitu ambacho hakuna kikaragosi cha kubuni kinachoweza kukipata. Watu waliamini kwamba nyuma ya picha kuna mpishi anayejali.

Alifariki tarehe 16 Desemba 1980, akiwa na miaka 90. Mwili wake uliwekwa katika jengo la bunge la Kentucky watu wapite kuuaga, kisha akazikwa Louisville, ndani ya suti nyeupe na tai nyeusi.

Baada ya mazishi, kazi yote ikawa ya wachoraji. Nembo ya zamani ilimwonyesha Kanali kwa mtindo wa picha ya gazeti, ikiwa na vivuli vya mashavu na mikunjo ya kipaji, kandokando ya jina refu la kampuni. Mwaka 1991 jina likafupishwa kuwa herufi tatu, na uso ukawa wa rangi bapa. Mwaka 1997 ukarudishiwa kina na joto, mzee akaonekana kama picha iliyopigwa studio. Mwaka 2006 ukaja uamuzi wa kijasiri kuliko yote: koti jeupe likavuliwa, akavishwa aproni nyekundu. Katika matoleo yaliyofuata mistari ikazidi kupunguzwa, hadi rangi zikabaki nyeusi, nyeupe na nyekundu.

Toleo la aproni lilinishangaza nilipolichunguza. Vazi ambalo mtu alilishikilia kwa miaka 20 limeondolewa, lakini Kanali yupo vilevile. Sababu ni kwamba waliolivua waliacha mambo manne bila kuyagusa: miwani, masharubu, ndevu za kidevuni na tai. Aproni nayo ilikuwa na hoja. Ilimrudisha mzee jikoni, mahali alipoanzia, na ikaipa nembo nyekundu bila kuongeza umbo jipya. Fundi aliyeamua hivyo alimsoma mtu mzima, wasifu wake pamoja na mavazi yake.

Kuizindua nembo hiyo, kampuni iliitandaza jangwani Nevada, karibu na kijiji cha Rachel, kwa ukubwa wa futi za mraba 87,500, zaidi ya uwanja wa mpira wa miguu, ili ionekane kutoka angani. Vilitumika vigae 65,000. Lengo lilikuwa kelele za matangazo, lakini hesabu ya vigae ni darasa la uchoraji. Vyeusi vilikuwa 28,000, vyeupe 14,000, vya rangi ya ganda la yai 12,000, vyekundu 6,000 na vya rangi ya ngozi 5,000. Nyekundu, ambayo kila mtu ataapa kwamba ndiyo rangi ya KFC, haikufika hata sehemu moja ya kumi ya uso ule. Kinachomshikilia Kanali ni nyeusi, ile nyeusi ya miwani, tai na mistari ya nje, ambayo Sanders mwenyewe aliichagua alipoamua kuvaa nyeupe kila mahali pengine.

Ufundi wa aina nyingine uko Japani. KFC iliingia huko mwaka 1970, na Wajapani wengi hawakuwa na habari kuhusu Kentucky wala makanali wake. Maduka yakaweka mlangoni sanamu za Kanali zenye kimo cha mtu, mikono imenyooshwa mbele kama anayekaribisha wageni. Sanamu inadai zaidi ya mchoro. Mchoro hutazamwa kutoka upande mmoja, ilhali sanamu huzungukwa, huguswa, hupigwa picha na watoto. Kwa hiyo imevishwa mavazi ya kila msimu, na kila Desemba hugeuka Baba Krismasi. Kuku wa KFC wamekuwa chakula cha sikukuu hiyo nchini humo tangu kampeni iliyoanza mwaka 1974.

Sanamu moja ilipata historia yake yenyewe. Mwaka 1985 mashabiki wa timu ya besiboli ya Hanshin Tigers, wakisherehekea ubingwa mjini Osaka, waliita majina ya wachezaji mmoja mmoja, na kila aliyefanana na mchezaji akaruka mtoni kutoka darajani. Ilipofika zamu ya Randy Bass, Mmarekani mwenye ndevu, hakuna aliyefanana naye. Wakamtwaa Kanali mlangoni wakamtosa katika mto Dotonbori. Miaka ikapita Tigers bila kombe la Japani, watu wakasema ni laana ya Kanali. Sanamu iliopolewa mwaka 2009, bila miwani na bila mkono wa kushoto. Kombe lenyewe lilirudi mwaka 2023. Mashabiki wale walihitaji mtu mmoja, wakachukua kipande cha plastiki, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Ufundi huu umewahi pia kushindwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Marekani ilioneshwa Kanali wa katuni, kwa sauti ya mwigizaji Randy Quaid, akicheza dansi na kuchezea mpira. Alama zote za nje zilikuwepo, ila mtu hakuwepo. Mzee mkali wa jikoni alikuwa amegeuzwa mcheza ngoma, na watu wengi waliomkumbuka hawakufurahi. Kupunguza mistari ya uso kunawezekana. Kupunguza tabia ni hatari.

Mwaka 2015 wakala wa matangazo Wieden+Kennedy alijaribu njia ya kinyume. Alimrudisha Kanali mwenye mwili, akaigizwa na mchekeshaji Darrell Hammond. Baada ya miezi michache akaletwa Norm Macdonald, aliyedai kuwa ndiye Kanali halisi. Wakafuata Jim Gaffigan, George Hamilton, Rob Riggle na wengine. Mwaka 2018 vazi likavaliwa na mwanamke, mwimbaji Reba McEntire, na ndevu zake zote. Hakuna aliyepotea njia. Kubadilishana huko kulikuwa mzaha, na ndani ya mzaha kulikuwa na uthibitisho: kazi aliyoianza Sanders mwaka 1950 ilikuwa imekamilika kiasi kwamba sura yake mwenyewe haikuhitajika tena.

Kusifu ufundi hakutuzuii kuuliza umetumikia nini. Mavazi yale yalitoka kwenye picha ya bwana shamba wa Kusini, tabaka lililotajirika kwa jasho la Waafrika waliofanywa watumwa. Sanders mwenyewe hakuwa wa tabaka hilo. Alizaliwa Indiana, kaskazini ya mto Ohio, mtoto wa mjane, na ukanali wake ulikuwa wa karatasi. Alichukua vazi lenye historia nzito akalifanya la babu mkarimu, na kufaulu kwake ndiko kunakofanya wengi tusiulize lilikotoka. Vilevile babu mkarimu anauza chakula chenye mafuta na chumvi nyingi, na tabasamu lake halipimi afya ya anayekula.

Hata ukiyaweka hayo yote kwenye mizani, kazi inabaki kubwa. Tangu mwaka 1964 kampuni imepita mikononi mwa wamiliki kadhaa, kuanzia Heublein hadi PepsiCo na Yum, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumfuta mzee. Mwaka 2013 moja ya suti zake iliuzwa kwa mnada Dallas kwa dola 21,510. Aliyeinunua alikuwa rais wa KFC Japani, akalivaa koti lake palepale.

Mafundi wetu wa mabango, wanaochora kuta za vinyozi, mabucha na vibanda vya chipsi, wana la kuchukua hapa, na wenye biashara wanaowalipa pia. Kabla ya kununua kikaragosi cha kuigwa kutoka kwenye simu, mtazame kwanza anayepika. Pengine mama wa chapati wa mtaani kwako ana namna yake ya kufunga kilemba ambayo wateja wote wanaijua. Chora hiyo, kwa mistari michache, kisha usiibadilishe kila mwaka. Sanders alipata sura yake akiwa na miaka 60, kwa nguo, miwani na dawa ya kupaushia ndevu, na uvumilivu wa kuvaa vilevile kila siku ndio uliomfanya ajulikane duniani.